Lebo ya Lukima

Ashukuriwe Mungu Mwenyezi, aliyeotesha majani ya nchi kabla ya kumwumba mtu, akaniruhusu mimi, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, niyatazame kwa karibu miaka yote ya nguvu zangu. Amenipa macho yaliyodumu, magoti yaliyodumu kiasi, na mke aliyenivumilia nikirudi nyumbani na nguo zilizojaa miiba na upupu. Kwa hayo nasema asante kabla sijasema lingine.

Mliponiaga kazini mwezi uliopita, vijana wangu, mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niandike kumbukumbu. Saa naishukuru, ingawa kwa mstaafu sijui inaniwahisha wapi. Kumbukumbu ndizo hizi. Vyeo sitavitaja, maana vimo kwenye faili na havimfundishi mtu kitu. Nitaandika habari ya mmea mmoja. Katika kabati letu la mimea mikavu, upande wa jamii ya kunde, kuna karatasi yenye kichaka kifupi kilichokauka, maua yaliyokuwa meupe na sasa ni ya kahawia, na lebo ya penseli isemayo kwamba kilichumwa bonde la Lukima. Lebo hiyo ni ya uongo. Niliiandika mimi. Kwa sababu yake mmea ule huenda haupo tena duniani, na kama upo, nyie mnautafuta mahali ambapo haukuota kamwe.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeacha seminari ndogo baada ya baba kufariki, maana nyumbani alibaki mama na wadogo zangu. Nikaenda Mpanda kutafuta ukarani. Reli ilikuwa imefika karibuni, na Kashaulili, katikati ya mji, ilikuwa na maduka machache ya mabati na vumbi la kutosha mji mkubwa. Nikaambiwa yupo Mzungu anayekusanya majani, anatafuta mtu wa kuandika. Watu walimwita Bwana Majani. Nilimkuta nje ya hema lake upande wa Ilembo, amepiga magoti, uso umekaribia kugusa nyasi. Sikujua kama anasali au anaumwa.

“Je, unafahamu kuandika kwa mwandiko ulio safi?” aliniuliza bila kuinuka. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kuliko chetu sisi wa bara.

“Ndiyo, Bwana. Na Kilatini kidogo.”

Hapo akainuka. Akanipa ukurasa wa kitabu nisome. Nikausoma vizuri, lakini ukanishinda maana, kwa sababu kilikuwa Kilatini kisicho na vitenzi: shina fupi, majani mapana, maua meupe, basi. Nikamwambia kwamba aliyeandika alisahau kumaliza sentensi zake. Bwana Majani alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mzee mmoja aliyekuwa anakaza kamba pembeni akatikisa kichwa. “Kilatini! Sisi hapa tunabeba mbao na magazeti, misa hatuna. Haya, Padri, shika huku.”

Huyo alikuwa Mzee Rajabu, Mwislamu wa Ikola kule ziwani, aliyekwisha zunguka na wakusanyaji mimea tangu mimi sijazaliwa. Jina la Padri alinipa asubuhi hiyo na sikuweza kulivua tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Nyie mna majiko ya kukaushia na makaratasi yaliyokatwa kwa kipimo. Sisi tulikuwa na fremu mbili za mbao, mikanda miwili, na magazeti ya zamani. Mmea unaulaza katikati ya magazeti, unabana, na kila siku unatoa gazeti lenye unyevu na kuweka kavu, la sivyo ukungu unakula kazi yako. Habari za dunia nilizisoma kwa njia hiyo, zikiwa zimechelewa mwaka mzima na nusu yake imefunikwa na jani. Lebo tuliandika kwa penseli, kwani wino huchuruzika ukilowa.

“Ua likikauka linapoteza rangi na harufu,” Mzee Rajabu aliniambia. “Kwa hiyo andika rangi, andika harufu, andika udongo. Na uandike ukiwa umesimama hapohapo ulipokata. Ukingoja kambini, utaandika unavyotaka wewe.”

“Na nikisahau penseli?”

“Basi uuache huko. Mmea usio na mahali ni kuni.”

Nilifuata amri hiyo kwa misimu miwili bila kuivunja hata mara moja. Msimu wa tatu tulipiga kambi katika miombo, safari ya siku mbili kutoka Mpanda kuelekea Katavi. Mioto ya kiangazi ilikuwa imepita na mvua bado. Bwana Majani akapatwa na homa, akawa wa kulala tu, na Mzee Rajabu akabaki kumwuguza. Mimi nilikaa kubadilisha magazeti. Ndipo akaja Mzee Lusambo.

Alikuwa Mkonongo, mrina asali, mtu mfupi mwenye makovu ya moto kwenye mikono. Enzi zile watu walikuwa wameondolewa porini kwa sababu ya malale, na warina asali waliingia kwa kibali, kila mmoja kwenye eneo lililoandikwa kwenye karatasi yake. Alituletea asali kwa ajili ya mgonjwa. Akachungulia mbao zangu.

“Nyie majani haya mnayafanya nini?”

“Tunayachunguza, Mzee. Tunayapa majina.”

“Majina wanayo tayari.” Akafunua magazeti moja baada ya jingine kama mtu anayechagua vitambaa dukani. “Huyu namjua. Huyu ni dawa ya tumbo. Huyu mbuzi hali. Lakini mlalachini hamna.”

“Mlalachini ndiye nani?”

Akanieleza: mti unaoishi ardhini. Juu hauonekani, lakini moto ukishapita, maua yanatoka kwenye majivu kabla ya jani hata moja. Nyuki wanaunywa wakati pori zima halina kitu, na asali yake ni nyeupe. Nikasema nitamwamsha Bwana. Akasema hapana, mimi peke yangu, au asinipeleke.

Tulitembea karibu saa tano, tukavuka ukingo wa mawe, tukashuka bonde liitwalo Kasolwe. Juu ya miti kulikuwa na mizinga ya magome kila nilikogeuka. Chini, kwenye majivu meusi, kulikuwa na maua meupe yenye mstari wa zambarau, yametoka moja kwa moja ardhini, kana kwamba mtu aliyebeba gunia la mchele lililotoboka alipita pale akizungukazunguka. Sikuyahesabu, nisingeweza. Nilichimba moja kutafuta mwisho wa mzizi. Ulikuwa mnene kama mkono wangu, nami niliposhuka mpaka kifuani nikakata tamaa. Kazi yote hiyo Mzee Lusambo aliitazama akiwa ameketi, akitafuna nta.

Kisha akapanda mti, akashusha sega, tukala.

“Sasa umekula, Padri,” akasema. “Kwetu, mtu aliyelishwa asali penye mzinga hasemi mzinga uko wapi. Hata kwa mkewe.”

“Sina mke.”

“Basi kazi yako ni nyepesi. Bonde hili halimo kwenye kibali changu. Wakijua, wanachoma mizinga yote.”

“Sitasema, Mzee. Naapa mbele ya Mungu, jina la Kasolwe halitatoka kinywani mwangu wala mkononi mwangu.”

Yeye hakuniomba kiapo. Alitaka neno la mtu mzima tu, kama wanavyopeana warina asali. Kiapo nilikiongeza mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa kijana niliyependa kusikia sauti yangu ikisema maneno makubwa.

Nilikata matawi machache ya maua, nikayabeba. Penseli ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Kesho yake mchana, mezani kambini, nikaandika Lukima. Ni bonde tulilokuwa tumepita siku chache nyuma, udongo wake unafanana, na nililichagua kwa sababu sikuona mzinga hata mmoja humo. Nilijiona mwerevu.

Mzee Rajabu aliichukua lebo, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Lebo zetu zote msimu huo zilikuwa na alama za vidole vya masizi. Ile ilikuwa safi kama kitambaa cha altare.

“Hii imeandikwa mezani.”

“Penseli ilikatika, Mzee.”

“Lukima tulipita wote. Na mimi nina macho mawili.” Akaningoja. Nikaendelea kubadilisha magazeti. “Haya, mwanangu. Mkono ni wako.” Akaubana mmea pamoja na lebo yake.

Bwana Majani alipopata nafuu na kuuona, alikaa chini. Alisema hajawahi kuona kitu kama kile. Nakala zikapelekwa ng'ambo, na baada ya miezi mingi jibu likarudi kwamba mmea huo haujapata kuandikwa na mtu yeyote. Ikawa kazi yetu kuuandika. Siku hizo sheria ilitaka maelezo ya mmea mpya yawe kwa Kilatini, nasi tuliketi wiki nzima katika nyumba aliyopangishwa Mpanda, yeye na kioo chake cha kukuzia, mimi na kamusi. Kile Kilatini kisicho na vitenzi nilikuwa nimekizoea. Yeye alikosea miisho ya maneno, nami nilimsahihisha kwa furaha isiyonistahili.

Tulipofika kwenye jina, akaweka kalamu chini. “Nimeazimia kuuita kwa jina lako. Ni wewe uliyeuona kwanza.”

“Hapana, Bwana. Tafadhali. Usiweke jina langu.”

“Unyenyekevu wako unanifundisha,” akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. “Basi tuuite kwa jina la mahali pake. Padri, ‘wa Lukima’ kwa Kilatini tunasemaje?”

Nikamwambia: *lukimensis*. Akaliandika.

Nyie mnaifahamu sheria ya kazi yetu. Jina likishachapwa limechapwa, hata kama linadanganya. Lugha niliyofundishwa kumwombea Mungu, neno la kwanza nililolichapisha ndani yake lilikuwa uongo, nalo litadumu kuliko mimi.

Misimu miwili iliyofuata tulikwenda Lukima kuutafuta. Bwana Majani alitembea bonde lile kwa mistari, kama mkulima anayepanda mahindi. Mimi nilitembea mstari wangu nikitazama chini kwa bidii. Hakuona hata mmoja. Akaandika kwamba ni mmea adimu mno, uko hatarini, lazima ulindwe mahali ulipo.

Basi ikaja kazi ya kufyeka pori ili kuwaondoa mbung'o, nzi wanaoleta malale. Ukanda wa pori ulipangwa kukatwa, na nyuma yake watu wahamishiwe walime. Kwenye ramani mstari ulipita Lukima. Bwana Majani aliandika barua ndefu kuomba bonde lile liachwe kwa ajili ya mmea wake. Barua niliipiga taipu mwenyewe. Jibu lilikuja jema kuliko tulivyotegemea: ombi limekubaliwa, mstari utasogezwa bonde la pili. Alinionyesha kwenye ramani kwa kidole chake kirefu kilichochafuka wino. Lilikuwa Kasolwe.

Siku hiyohiyo nilimwambia Mzee Rajabu kila kitu. Alikuwa anashona mkanda wa fremu, hakuacha kushona.

“Nenda kamwambie Bwana sasa. Yupo pale anakunywa chai.”

“Nimeapa, Mzee.”

“Umeapa. Sisi, mtu akiapa kisha akaona heri iko upande mwingine, anaenda kwenye heri, anatoa kafara kwa kulisha maskini kumi, na asiyeweza anafunga siku tatu. Yamekwisha. Nyie Wakristo hamna kitu kama hicho?”

“Sisi ahadi anaifungua yule aliyepewa. Lazima kwanza nimwone Mzee Lusambo.”

“Shoka nalo litangoja umwone?”

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimesoma, yeye hakusoma. Nikaomba ruhusa, nikaenda upande wa Inyonga nyumbani kwa Mzee Lusambo. Wakaniambia dada yake amefariki, amekwenda kuzika, atarudi matanga yakiisha. Nikarudi Mpanda kungoja. Wiki ya kwanza nilisali. Wiki ya pili nilisali na kufunga. Kila asubuhi nilimpelekea Bwana Majani karatasi zake, nikasimama mbele ya meza yake, nikatoka. Niliita jambo hilo uvumilivu, nikaona Mungu ananipima. Sasa naamini Mungu alikuwa ananingoja yeye.

Wiki ya nne Mzee Lusambo akaja mwenyewe. Alikuwa amebeba mzinga mmoja wa gome begani, umepasuka.

“Padri, wamefyeka.”

“Nilikuja kwako, Mzee. Nilikuja uniachilie.”

“Nikuachilie nini?”

“Kiapo. Nisingeweza kutaja bonde bila wewe kunifungua.”

Akautua mzinga chini. Alinitazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira, na ule mshangao ndio nilioshindwa kuusahau.

“Mizinga inabebeka,” akasema. “Ungesema, mimi na wanangu tungeihamisha kwa siku mbili. Wangenipeleka bomani, wangenifokea, ningerudi. Nilificha mizinga ili nyuki wapone. Nani alikwambia bonde zima lingoje ruhusa yangu?”

“Tulifundishwa kwamba...”

“Mmefundishwa vizuri.” Akaondoka. Mzinga aliuacha palepale mlangoni. Sikumwona tena.

Kufyeka kwenyewe hakukuumaliza mmea. Mti unaoishi ardhini haujali shoka, na kiangazi kilichofuata ulichanua kati ya visiki. Nilikwenda, nikauona, nikasema moyoni kwamba Mungu ameniokoa na aibu. Hapo pia nilinyamaza. Mwaka mmoja baadaye walikuja watu na majembe. Hawana kosa, walipewa shamba na walikuwa na watoto. Mzee Rajabu na mimi tulipofika, mizizi ilikuwa imepangwa vizuri kando ya nyumba.

“Inawaka vizuri hiyo, haina moshi,” mama mwenye nyumba alituambia. “Mnataka? Chukueni.”

Tulichukua miwili iliyoonekana mibichi, tukaipanda Nsemulwa, hapo Mpanda, nyuma ya nyumba niliyopanga, nikaimwagilia. Ikaoza. Mzee Rajabu hakusema neno la kunilaumu siku hiyo wala baadaye, mpaka Mungu alipomchukua. Ningependa angesema.

Bwana Majani alirudi kwao mwishoni mwa miaka hiyo. Nilimsindikiza stesheni nikiwa nimejipanga kumweleza. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Padri, hata kama sisi hatukuuona tena, tumeukingia mahali pake. Si watu wengi wanaoweza kusema hivyo.” Behewa likaanza kwenda. Nilikuwa na muda wa kusema maneno matatu au manne, na yangetosha.

Baada ya hapo kunyamaza kulikuwa rahisi, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi nikikumbuka. Mara mbili walikuja wageni wasomi kutoka mbali kutafuta mmea wa Lukima, na mara zote mbili niliteuliwa kuwaongoza, kwa kuwa ndimi mjuzi. Niliwaongoza. Niliwapikia, niliwaonyesha mito, nikalala nao siku tano kwenye bonde ambalo nilijua halina kitu. Wa mwisho waliandika kwamba mmea huo pengine umetoweka.

Nilikwisha kuungama. Padre aliyenisikiliza, mzee wa miaka mingi, alisema Mungu amesamehe, lakini niende nikawaambie wale niliowadanganya. Msamaha niliupokea siku hiyo, kwa shukrani. Kwenda kumenichukua maisha yangu yote ya kazi.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliomba ufunguo, nikaitoa ile karatasi. Mnajua lebo ya zamani haifutwi wala haibanduliwi. Unabandika kipande pembeni, unaandika sahihisho na jina lako. Niliandika: “Si Lukima. Ulichumwa bonde la Kasolwe, kwenye mchanga uliochomwa, mwezi mmoja kabla ya mvua. Mahali palipoandikwa kwanza palitungwa na mchumaji.” Nikaweka jina langu lote, lile la ubatizo na la ukoo. Gundi ilikauka nikiwa nimeketi hapo.

Lakini nakala ziko kwenye makabati ya ng'ambo na bado zinasema Lukima. Nawaomba nyie mwandike barua. Msinifiche kwa ajili ya heshima ya uzee wangu, tajeni kwamba ni mimi. Na kuna jambo moja la haraka kuliko barua. Kichwa cha bonde la Kasolwe, chini ya ule ukingo wa mawe, hakikulimwa, maana jembe halipiti pale. Nilikwenda mara nne kwa likizo zangu, na mara zote mvua zilikuwa zimenitangulia, nyasi ziko kiunoni, na kwa majani peke yake sikuweza kuutofautisha na vichaka vingine. Nendeni nyie. Msingoje barua zijibiwe, wala msije kuniomba ruhusa. Nendeni mwezi wa tisa, moto ukiwa umepita wiki mbili, na mtembee polepole mkitazama majivu. Mkiuona msichimbe. Kateni tawi moja la maua, na kabla hamjanyanyua mguu, mwambieni mkuu wa kazi, mwambieni mwenye shamba la jirani, mwambieni kila mtu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu Baba akubariki. Ailinde miguu yako porini na macho yako na moshi. Akikupa siri ya mtu, akupe pia akili ya kujua mwisho wake. Akujalie ulimi unaotangulia shoka, na siku utakapopiga magoti kwenye majivu ya Kasolwe, akuonyeshe ua moja jeupe. Amina.